Uzi wa wenye lupus, baridi yabisi na ndugu zake: leteni utani wenu hapa

Kofia_Pana (Umoja)

Wakuu, habari za Jumapili. Humu ndani kuna nyuzi za dawa, za daktari gani anasikiliza, za majani ya kuchemsha. Ziko sawa. Lakini hakuna hata mmoja wa kucheka, na mimi bila kucheka ningekuwa nimeshauma mtu.

Nina lupus. Kwa wasioijua: kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na viini vya magonjwa, inageuka na kushambulia mwili wenyewe. Ngozi, viungo, figo, popote inapojisikia. Mtaani huieleza hivi: kinga yangu ni makanga niliyemwandika apakie abiria, yeye anawashusha kwa nguvu halafu bado anadai nauli. Watu wa Umoja wanashika mara moja.

Sasa kwa nini utani. Nairobi mwili wako ni mali ya umma. Ukinenepa utaambiwa, ukikonda utaambiwa, ukitokwa na kipele keateka, yule mtunza jengo, atakutajia dawa kabla hujafungua geti. Nilipoanza steroidi, dawa za kutuliza kinga, uso ulijaa, mashavu yakawa mawili kila upande. Mweka hazina wa chama chetu akaniangalia, akasema mbele ya wote, "Mtu ananawiri hivi na mchango wa mwezi uliopita hatujauona?" Nikamjibu, "Mashavu haya ni ya mkopo. Daktari akipunguza dozi anakuja kuyachukua na lori." Chama kizima kilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakuna anayenong'ona juu ya uso wangu. Wananiuliza waziwazi, "Vipi, dalali amefika?"

Hapo ndipo nilipo. Utani ukianza na mimi, ni mimi ninayeamua tunacheka mpaka wapi na tunanyamaza wapi. Ukianza na wao, huo ni umbea tu.

Leteni vyenu. Mchongoano ruksa. Maombi pia ruksa, ila yawe mafupi.

GotiLaGithurai

Wa kwanza! Mimi ni baridi yabisi, ile ya kingamwili, si ya uzee, ingawa ukiniona asubuhi utabisha. Nikiamka vidole havikunjiki. Kufungua chupa ya dawa ya maumivu kunaniletea maumivu ya kumaliza chupa nzima. Kile kifuniko cha kuzuia watoto kinanizuia mimi. Mtoto wa jirani ndiye huja kunifungulia.

Lakini kazi ni matatu. Mnajua gari za Thika Road: gari halisimami, linapunguza tu nia ya kwenda. Makanga ananipigia kelele, "Haraka mathe, shuka na guu la kushoto!" Nikamwambia kijana, mimi hushuka kwa awamu kama mradi wa barabara. Awamu ya kwanza goti. Awamu ya pili nyonga. Awamu ya tatu tunangoja bajeti. Dereva mwenyewe akazima injini akacheka. Sasa wakiniona stejini wanatangaza, "Mradi umefika, wekeni breki!"

Nduku_SouthB

Awamu ya tatu tunangoja bajeti 😂😂😂 nimemwaga chai.

Ya kwangu ni ya vidole pia. Julai hii ya baridi vinageuka vyeupe, halafu bluu, halafu vikipata joto vinakuwa vyekundu. Mwenzangu wa kazini aliviona akapiga mayowe. Nikamwambia tulia, ni bendera ya Ufaransa, nangoja ubalozi wanipigie. (Inaitwa Raynaud, mishipa midogo ya damu inajibana ukishika baridi. Glavu zinasaidia. Kushika kikombe cha chai pia, na ndiyo sababu yangu rasmi ya kunywa vikombe vingi ofisini.)

Kofia_Pana

Nduku, ubalozi wakipiga uitishe viza moja ya kwangu.

Na kuhusu jina langu hapa: jua linaamsha lupus, kwa hivyo mimi na kofia ni ndoa. Watu wanasema "lakini leo kuna mawingu." Ndugu zangu, tuko karibu kabisa na ikweta, na mji uko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mawingu hayazuii miale yote. Basi mimi hutoka na kofia pana ya Gikomba, mikono mirefu na mwavuli juu, mwezi wa sita. Siku moja nimekaa kwa gari la Ngong Road, ile ya uwanja wa mbio za farasi, mzee wa nyuma akanigusa bega kwa heshima zote: "Madam, leo farasi gani ameshinda?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka mpaka nikapitiliza steji.

Anti_Wambo

Watoto wangu, mmenifurahisha lakini niseme la mzazi. Ulimi unaumba. Mtu akisema kila siku "mimi mgonjwa, mimi mradi wa barabara", si anajitabiria? Mpwa wangu anayo hiyo lupus na nimemwambia asiitaje kwa jina. Pia nimempelekea moringa na tangawizi na unga fulani wa kuongeza kinga.

Nduku_SouthB

Anti, kwa heshima kubwa. Shida yetu si uhaba wa kinga. Kinga tunayo ya kugawia ukoo mzima mpaka wakwe. Dawa tunazopewa ni za kuituliza. Ukimpa wa kuiongeza ni kama... ngoja, niache tu. Mwulize daktari wake kabla hajalamba huo unga, baadhi ya vitu hivyo vinaingiliana na dawa.

Anti_Wambo

Heh! Hilo sikuwahi kuambiwa. Tangawizi ya chai nayo?

Nesi_wa_Zamu

Tangawizi ya chai kunyweni kwa amani, Anti. Unga wa mkebe usio na maelezo ndio tunaouogopa.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya maungio ni sehemu ya kazi yangu. Nimesoma uzi huu kwenye zamu ya usiku na mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameniuliza ninacheka nini. Ila niwaambie kitu ninachokiona kila wiki. Mgonjwa anaingia kwa daktari, anaulizwa "unaendeleaje?" Anapiga mzaha mzuri, daktari anacheka, mimi nacheka, na kwenye faili inaandikwa "anaendelea vizuri." Akitoka nje anashika ukuta.

Mchekesheni daktari, hakuna shida, lakini mwachieni na namba. Ukiamka viungo vinakakamaa kwa muda gani, robo saa au mpaka saa nne asubuhi? Baridi yabisi ya kingamwili hukakamaza kwa nusu saa na zaidi, mara nyingi saa nzima, na muda huo ukirefuka daktari anajua dawa haitoshi. Wa lupus: mkojo una povu? Miguu imevimba? Kifua kinachoma ukivuta pumzi? Homa imeingia nawe uko kwa dawa za kutuliza kinga? Hayo msiyafungie kwenye kichekesho, maana figo zinaweza kuharibika bila maumivu yoyote.

GotiLaGithurai

Nesi umenigusa. Nikiulizwa huwa nasema "bado sijauzwa kwa vyuma kuukuu." Nikiangalia faili langu, kumbe kwa maandishi mimi ni mzima kuliko daktari.

Msomi_wa_Juja

Niongeze kidogo. Kuna Mmarekani, Norman Cousins, mhariri wa jarida, aliugua maungio vibaya sana mwaka 1964. Akatoka hospitali akahamia hotelini, akawa anatazama vichekesho. Alisema dakika 10 za kucheka kwa nguvu zilimpa saa 2 za usingizi bila maumivu. Mwaka 1976 hadithi yake ilichapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari. Kwa hiyo kicheko ni dawa, imethibitishwa.

Nesi_wa_Zamu

Msomi, polepole. Alikuwa pia anatiwa vitamini C nyingi kwenye mshipa, na mtu mmoja si uthibitisho. Wapo wanaopata nafuu wenyewe, na hatuwezi kujua kama yeye alikuwa mmoja wao. Na hoteli alilipa nani?

Ukitaka utafiti, wa Oxford unanishawishi zaidi. Robin Dunbar na wenzake walichapisha mwaka 2011: watu walitazama vichekesho, kisha wakavalishwa mkononi kile kifuko cha kupozea mvinyo kikiwa kimegandishwa, waone nani atavumilia zaidi. Waliocheka walivumilia muda mrefu kuliko waliotazama vitu vya kawaida. Watafiti walidhani ni kule kucheka kwenyewe, mbavu zikifanya kazi, ndiko kunauamsha mwili utoe kemikali zake za kupunguza maumivu. Na watu hucheka zaidi wakiwa pamoja kuliko peke yao. Kuvumilia maumivu, lakini, si kupona. Hakuna aliyetupa dawa.

Nduku_SouthB

Kifuko kilichogandishwa cha nini, mimi natumia bomba la maji la South B saa kumi na moja alfajiri.

Jirani_wa_Tanga (Eastleigh kwa sasa)

Salaam wanauzi. Mimi mtu wa Tanga, niko Eastleigh kibiashara. Kwetu jambo hili lina utaratibu wake. Mtani wako anaweza kukutania hata ukiwa msibani, analala pale pale pa maiti akidai na yeye afunikwe sanda, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini ni mtani, si kila apitaye njia. Kuna makabila yanayotaniana na yasiyotaniana, mababu walishapanga. Nyinyi Nairobi naona mnataniana na makanga msiyemjua hata jina la babake! Siwalaumu, ila mtu akikuumiza kwa mzaha utamshitaki kwa nani?

Kofia_Pana

Jirani, hilo swali ni zito. Sisi hatukupangiwa na mababu, tunapangana wenyewe stejini. Mimi kanuni yangu ni kwamba aliyenibebea maji siku nimelala anaweza kunitania chochote. Mwingine aanze na salamu.

Kuna jamaa wa ofisi aliniambia "steroidi gani hizo, wewe umependa chapo tu." Maneno yale yale ningeyasema mimi watu wangecheka. Yeye nilimnyamazia mpaka akatafuta faili la kujificha nyuma yake.

Baba_Kidato

Habari zenu. Mimi sina ugonjwa. Binti yangu yuko kidato cha pili na ameambiwa ana lupus muhula uliopita. Nyumbani tumekuwa watu wa kunyata. Mama yake ananong'ona hata akiuliza kama mboga imeiva. Nilijaribu mzaha kuhusu ule wekundu wa mashavuni unaoletwa na lupus, nikasema wengine wanaununua River Road naye ameupata bure. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Sasa niulize wenye uzoefu: nimngoje au niendelee kujaribu?

Nduku_SouthB

Baba, ngoja. Mashavu ya msichana wa umri ule si uwanja wa baba, hata mwenye nia njema. Mimi nilipoambiwa nilikuwa na miaka kumi na saba na kaka yangu ndiye aliyenifungua, maana hakunitania mimi, alitania dawa. Zile za haidroksiklorokwini tunazopewa wa lupus zilianza kama dawa ya malaria, mnajua. Akasema, "Mbu wa Nairobi wakikuuma wanapona." Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Tania dawa, tania foleni, tania ile sindano. Uso wake mwachie mwenyewe.

Nesi_wa_Zamu

Nakubaliana na Nduku, na niongeze la kazi, Baba: macho yapimwe mwanzoni mwa hiyo dawa, na baada ya miaka 5 yawe yanapimwa kila mwaka. Dozi hupimwa kwa uzito wake, na watoto wanakua, kwa hiyo mkumbushe daktari ampime uzito upya. Akipewa steroidi, asiziache ghafla hata kama uso unamkera. Mwili unakuwa umezoea kutegemea zile za nje, ukizikata siku moja unaweza kuzimia na hata kufa. Zinapunguzwa polepole, na daktari.

Kofia_Pana

Na Baba, ajue kwamba steroidi zinaleta njaa na kukosa usingizi, asidhani amekuwa mlafi. Mimi usiku wa kwanza wa dozi kubwa nilijikuta saa tisa usiku nasukuma chapati. Mlango ukagongwa, ni keateka na tochi, anasema wapangaji wa juu wamelalamika. Si kelele. Harufu. Alikula mbili akasimama mlangoni akisema atarudi kesho kukagua tena.

Dada_wa_Marehemu

Nimesoma wote nikataka kuandika kwa hasira, kisha nikafuta. Dada yangu mkubwa aliondoka kwa lupus, figo. Naona mnacheka na najiuliza mnajua hili jambo linafika wapi.

GotiLaGithurai

Pole sana dadangu. Pole kabisa. Tunajua, ndiyo maana tuko macho saa hizi.

Kofia_Pana

Pole, dada. Huu uzi si wa kusema ni jambo dogo. Ukitaka nimwambie msimamizi aufunge, nitafanya hivyo na sitauliza sababu.

Dada_wa_Marehemu

Usifunge. Nimekumbuka kitu. Akienda kusafishwa damu alikuwa anatuambia, "Gari linaenda sevisi, msinipigie." Kuna siku mhubiri alikuja wodini, akaomba kwa muda mrefu mno, na dada alikuwa na kiu na anaruhusiwa maji kidogo tu. Ile amina ikagoma kufika. Dada akafungua jicho moja, akamwambia, "Mchungaji, Mungu ameshasikia, sasa anatafuta kitufe cha kuzima." Mama alimfinya. Wodi nzima ilicheka, hata mchungaji mwenyewe. Sikuwa nimemwambia mtu hiyo.

Anti_Wambo

😂 Bwana asifiwe. Huyo ningempenda.

Jirani_wa_Tanga

Allah amrehemu. Huyo angekuwa mtani wetu.

Msomi_wa_Juja

Naona nimekaa kimya vya kutosha, nilete mchongoano nirudishe heshima yangu:

Kinga yako ni ya Nairobi kweli, haimwamini hata mwenye nyumba.

Magoti yako yana kelele hadi ukipiga goti kanisani kwaya inaanza.

Umetolewa damu ya vipimo hadi mwenye kibanda cha mutura, ile soseji ya damu, amekuomba ubia.

GotiLaGithurai

Ya mutura naichukua, kesho naiachia mtu wa maabara. Ya magoti nakurudishia: wewe ni msomi hadi ukiumwa na kichwa unasoma marejeo.

Na kwa wale wa methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga, kama mimi: ni mara moja kwa WIKI. Nimeiita jina, Bi Ijumaa, maana mgeni anayekuja kila Ijumaa humsahau wala humkaribishi Jumanne. Kuna watu wameimeza kila siku kwa kutoelewa na ikawaua. Hapo sina mzaha. Siku zingine ni asidi ya foliki, jinsi daktari alivyokuandikia.

Nesi_wa_Zamu

Goti, Bi Ijumaa nakwenda naye kliniki. Watakumbuka kuliko karatasi zetu.

Baba_Kidato

Ripoti. Sikutania chochote wiki hii. Jana nilikuwa namhesabia vidonge, akaniuliza kwa nini dawa ya malaria na sisi hatuendi Kisumu. Nikamwambia ile ya mbu. Hakucheka, akasema, "Baba, hiyo umeitoa kwa intaneti." Lakini leo nimemsikia akimwambia rafiki yake kwa simu kwamba yeye sasa ni zahanati ya mbu. Mlango ulikuwa wazi.

Nduku_SouthB

Zahanati ya mbu!! Kaka yangu ameshindwa. Mwambie nimempa taji.

Kuhusu hiyo dawa, mnakumbuka 2020? Dunia nzima ikaikimbilia kwa sababu ya korona, sisi tukawa tunaitafuta duka hadi duka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu kwenye mkoba ambacho matajiri walikuwa wanakililia. Nilikuwa natembea tao nimeukumbatia kama wenye pesa za chama.

Mgeni_Kayole

Jameni samahani kuingilia, mimi mpya. Nimepimwa damu, kile kipimo cha kingamwili kinaitwa ANA, imetoka chanya, na viungo vinauma. Nimeanza kusoma huku nikilia. Kwa hivyo nalia ama nacheka?

Nesi_wa_Zamu

Mgeni, vuta pumzi. ANA chanya peke yake si lupus. Watu wenye afya kabisa wanaweza kuwa nayo na wasiugue maisha yao yote. Daktari ataiweka pamoja na dalili zako, mkojo, damu na vipimo vingine kama vile vya kingamwili dhidi ya DNA. Una tarehe ya kurudi?

Mgeni_Kayole

Kesho asubuhi. Kuna vipimo vingine nimeandikiwa. Nifunge?

Nesi_wa_Zamu

Kwa vipimo vya kingamwili hakuna haja ya kufunga. Kama wameandika sukari au mafuta ya damu, hapo huenda ukaambiwa usile. Wapigie leo uhakikishe. Na andika kwenye karatasi: viungo gani, tangu lini, asubuhi vinakakamaa kwa muda gani.

Kofia_Pana

Karibu Mgeni. Ukirudi kesho tuambie ulivyoambiwa, liwe liwalo. Ukihitaji kulia, uzi unaruhusu. Kayole na Umoja ni pua na mdomo, ukikosa wa kukusindikiza niandikie kwa faragha.

Mgeni_Kayole

Asante dada. Nimewapigia, wamesema sukari ipo, nisile kuanzia saa nne usiku. Sasa ni saa nne kasorobo na huyo keateka wenu wa chapati amenitia njaa.

GotiLaGithurai

Robo saa ni nyingi. Anza na ya juu.